Mtoto Mtulivu Naye Aulizwe

Mwanafunzi akimrushia mwenzake kiti, jina lake hufika kwa mwalimu wa nidhamu kabla ya kengele ya mapumziko. Lakini yule wa dawati la nyuma aliyeacha kula na wenzake tangu muhula uanze, asiyechelewa wala kujibizana na mtu, ataandikiwa kwenye ripoti kuwa ana adabu nzuri. Mzazi ataisoma na kushukuru.

Utafiti wa kitaifa wa Kenya kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa takriban 1 kati ya 8 alikuwa na hali inayofikia kiwango cha ugonjwa. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni watoto 6. Mwalimu akiombwa awataje, watakaomjia akilini kwanza ni watundu.

Waliobaki wanaweza kutafutwa. Mwaka 1997 daktari wa akili wa Uingereza, Robert Goodman, alichapisha hojaji ya sentensi 25 ambayo leo ipo hata kwa Kiswahili. Inagusa huzuni na hofu, hasira, kutotulia, marafiki, na pia wema wa mtoto kwa wengine. Kuumwa kichwa au tumbo mara kwa mara kumewekwa upande wa hisia, jambo ambalo kila matroni wa bweni anastahili kulijua.

Mwalimu hujaza yake, mzazi yake, na mwanafunzi aliyefika miaka 11 yake. Majibu mara nyingi hayalingani. Ugomvi na utoro mwalimu anavijua. Hofu inayomkosesha kijana usingizi huijua mwenyewe. Pale mwalimu aliposema mtoto hana shida, na mtoto mwenyewe akaandika kwamba huzuni haimwachi, hapo ndipo pa kuketi naye.

Hojaji haitoi jina la ugonjwa. Nyuma ya majibu yale huenda kuna njaa, msiba, au mtu anayemdhulumu nyumbani. Na kumuuliza mtoto mambo haya bila kuwepo wa kumpokea ni kumuumiza upya. Katika shule nyingi mshauri ni mwalimu mwenye vipindi vyake tele, meza yake imo katika chumba cha walimu, na pengine ndiye anayetoa adhabu. Kijana gani atamfungulia moyo pale? Apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango, aondolewe kazi ya kuadhibu. Hayo mwalimu mkuu anaweza kuyapanga kabla shule hazijafunguliwa.