Halloween na Nyama ya Soko la Korintho

Oktoba ikielekea ukingoni, wazazi wazungumzao Kiswahili walioko Marekani na Kanada huulizana swali lile lile kanisani na kwenye simu: mtoto aende au asiende? Shule imeleta karatasi kwamba tarehe 31 watoto waje na mavazi ya kujigeuza. Jirani amening'iniza mifupa ya plastiki mtini na kupanga mafuvu kwenye ngazi. Mtoto anataka kuzunguka na wenzake nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na bibi yake aliyeko Uvira akiletewa picha atauliza kama huko mmekwenda kusoma au kuingizwa uchawini. Mchungaji mmoja anasema ni sikukuu ya Shetani. Mwingine, barabara hiyo hiyo, ametangaza kwamba watoto watagawiwa pipi kwenye uwanja wa kanisa. Mzazi anabaki katikati.

Tuanze na historia, kwa sababu mengi yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hayana msingi. Hakuna mungu wa mauti aitwaye Samhain ambaye wataalamu wanamfahamu. Samhain ni jina la majira: mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi kwa watu wa Ayalandi, wakati wa kurudisha mifugo kutoka malishoni. Masimulizi ya kale yanasema kwamba usiku huo viumbe wa ulimwengu mwingine waliwakaribia wanadamu, lakini yaliandikwa na watawa wa Kikristo, karne kadhaa baada ya Injili kufika kisiwani. Kwa hiyo tunajua machache kuhusu ibada ya kipagani yenyewe, na anayekusimulia kila hatua yake anabuni.

Sikukuu ya Watakatifu Wote nayo ina njia yake. Katika karne ya 8 Papa Gregori III aliweka wakfu kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote ndani ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Mwaka 835 mfalme wa Wafranki, Ludoviko Mcha Mungu, aliagiza tarehe 1 Novemba iadhimishwe katika milki yake yote, na Papa Gregori IV ndiye aliyelihimiza jambo hilo. Wakati huo huko Ayalandi kalenda za Kanisa ziliwakumbuka watakatifu wote tarehe 20 Aprili. Ndiyo maana madai kwamba Kanisa lilichagua Novemba ili kuifunika Samhain hayasimami imara. Mwishoni mwa karne ya 10, Odilo, abate wa Cluny kule Ufaransa, aliongeza tarehe 2 Novemba ya kuwaombea marehemu wote. Uingereza ya zama hizo maskini na watoto walipita milangoni wakipewa vimkate ili wawaombee wafu wa nyumba ile. Na Martin Luther anahusishwa na mkesha wa Watakatifu Wote: hoja zake 95 za Wittenberg ni za tarehe 31 Oktoba 1517, na ndiyo maana Walutheri huiadhimisha siku hiyo kama Siku ya Matengenezo ya Kanisa.

Halloween tunayoiona leo ilipikwa Amerika. Wahamiaji wa Ayalandi na Uskoti, hasa waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, walikuja na michezo ya mkesha huo, na badala ya tanipu walizozoea kuchonga wakakuta maboga, makubwa na laini kwa kisu. Desturi ya watoto kuzunguka wakidai pipi ilienea miaka ya 1920 na 1930. Baadaye viwanda vya pipi na filamu za kutisha vikaifanya biashara. Basi mbele yako kuna mabaki ya mkesha wa Kanisa, mabaki ya mila za mavuno, na duka. Anayesema yote ni ya Shetani amerahisisha mno, sawa na anayesema ni pipi tu.

Ndipo ninapomgeukia Paulo. Wakristo wa Korintho walikuwa na shida inayofanana sana na hii: nyama nyingi mjini ilikuwa imepitia mahekalu ya sanamu kabla ya kufika buchani. Katika barua yake ya kwanza kwao, sura ya 8 na ya 10, Paulo hawapi amri moja ya kula au kutokula. Anawaambia wanunue sokoni bila kuhojihoji, kwa maana dunia ni mali ya Bwana. Anawaambia pia kwamba kuketi kwenye meza ya mashetani ni jambo jingine kabisa, na hilo halina ruhusa. Kisha anaweka sharti la tatu: akiwapo mtu mezani anayekwambia kwamba nyama hii imetolewa sadaka, usile, kwa ajili yake.

Maneno hayo yanaigusa nyumba ya mhamiaji moja kwa moja. Pipi ni nyama ya sokoni. Mtoto akirudi na mfuko wake hakuna pepo aliyejificha kwenye karatasi za chokoleti. Kupiga ramli kwa karata, kuita roho za wafu kwa ubao wenye herufi, kwenda kwa mtabiri kwa kuwa ni msimu wake: hiyo ndiyo meza nyingine, na Kumbukumbu la Torati 18 inaikataza waziwazi hata ikiitwa mchezo wa sebuleni. Vijana wetu waambiwe hivyo kabla ya kwenda kulala kwa rafiki usiku huo. Na bibi wa Uvira ndiye yule mtu mezani. Dhamiri yake isidharauliwe, kwani ameona mambo ambayo jirani wa Ohio hajawahi kuyaona. Kama picha ya mjukuu aliyevaa mabawa ya popo itamkosesha usingizi, isitumwe kwenye kundi la ukoo, na mumpigie simu mumweleze kwa upole mnachofanya na msichofanya.

Kuna vazi moja ambalo nafsi yangu inalikataa, nami nalisema kwa uzito: lile la mchawi kikongwe, mwenye pua ya ndoano na mgongo uliopinda. Kwa Mmarekani huyo ni kiumbe wa hadithi. Kwetu, Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni. Kilifi wazee wameuawa na watu wa familia zao wenyewe. Kinshasa watoto wametupwa barabarani baada ya kuitwa wachawi, wakati mwingine kwa kinywa cha mhubiri. Marekani nayo ina jeraha lake: Salem, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mji huo sasa hufurika watalii kila Oktoba. Mkristo anayeogopa Halloween kwa sababu ya wachawi aanze kwa kuwalilia waliouawa kwa jina hilo. Msimfundishe mtoto kuwa uzee wa mwanamke ni kitu cha kutisha.

Umri nao utazamwe. Mtoto mdogo hatenganishi sawasawa barakoa na uso. Nyumba ya kutisha iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana inaweza kumwachia jinamizi la wiki nzima, na aliyepitia vita au kambi ya wakimbizi huenda akashtuka zaidi kwa damu bandia na milio ya ghafla. Mkiamua asishiriki shuleni, mwandikieni mwalimu mapema na kuomba kazi nyingine kwa saa hiyo. Mkiamua azunguke, jueni kwamba hofu ya pipi zenye sumu kutoka kwa wageni imekuzwa kupita kiasi. Hatari iliyo wazi ni gari. Utafiti wa ajali za Marekani kati ya mwaka 1975 na 2016 ulionyesha kuwa uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa barabarani jioni ya Halloween ulizidi kwa asilimia 43 ule wa jioni za kawaida zilizo karibu nayo. Vazi liwe la rangi inayoonekana, tochi iwepo, na mtu mzima awe kando.

Wanaobaki nyumbani nao wana la kuamua. Desturi ni kwamba taa ya barazani ikiwaka, watoto wanakaribishwa, ikizimwa, hawagongi. Familia nyingi za Kikristo huizima, na zina haki yao. Mimi ningeiwasha. Mhamiaji anaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kubisha hodi mlangoni kwake, na hapa mtaa mzima unakuja na watoto wao, bila kualikwa. Wapewe pipi, waulizwe majina, wazazi wao wasalimiwe.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunabishana kwa wiki tatu kuhusu tarehe 31, kisha tarehe 1 na 2 Novemba zinapita kimya. Watoto wasimuliwe usiku wa tarehe 1 habari za Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kutetea usafi wake. Za Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 chini ya Idi Amin. Za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka kwenda Boga, Kongo, kuihubiri Injili. Kama mtoto anataka vazi, avae la mmoja wao. Tarehe 2 ni ya wafu wa nyumbani kwenu. Makaburi ya wengi yako Fizi, Kigoma au Bujumbura, na ya wengine hayajulikani yalipo tangu vita. Wakatoliki wawaombee kwa majina. Waprotestanti wasiowaombea wafu wamshukuru Mungu kwa ajili yao, nao pia kwa majina. Jina la babu litajwe, kijiji chake kitajwe, na mtoto aulize alikuwa mtu wa namna gani.