Hita ya bafuni ikizima umeme, usikimbilie kubadili breka

NI saa 12 asubuhi, mwezi Julai, katika nyumba moja mjini Mbeya. Baridi ni kali na giza halijatoweka. Baba mwenye nyumba anafungua maji ya moto ili aoge, ghafla breka inashuka na umeme unazimika. Anairudisha, inashuka tena. Jirani anamshauri aweke breka kubwa zaidi.

Ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kuunguza nyumba. Breka inayoshuka si lazima iwe mbovu. Mara nyingi inatoa taarifa, na wakati inaposhuka ndio unaoeleza tatizo liko wapi.

Hita nyingi zinazofungwa juu ya bomba la kuogea hutumia takribani wati 5,500. Kwa umeme wa volti 230, huo ni mkondo wa karibu ampea 24. Waya wa milimita za mraba 2.5, unaotumika kwa soketi za kawaida, haufai kwa mzigo huo. Hita huhitaji waya wake pekee kutoka kwenye breka, aghalabu wa milimita 6, na breka ya ampea 32.

Iwapo breka hushuka baada ya dakika kadhaa za kuoga, yawezekana waya ni mwembamba, breka ni ndogo au viungo vimelegea. Swichi yenye joto kali au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili ya viungo kulegea. Kuweka breka kubwa juu ya waya mwembamba ni kuuacha waya uungue ndani ya ukuta bila kitu cha kuuzuia.

Iwapo inashuka mara tu hita inapowashwa, huenda nyaya zimegusana au umeme unavuja kupitia maji. Katika hita nyingi za aina hii, koili hugusana na maji moja kwa moja. Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na huila koili mapema. Zipo hita zilizotengenezwa mahsusi kwa maji hayo.

Endapo umeme upo lakini maji ni baridi, ama koili imekatika, ama msukumo wa maji ni mdogo kiasi kwamba hita haijiwashi.

Dalili ya hatari kuliko zote ni kuhisi umeme unapogusa bomba. Hapo toka bafuni, zima umeme kwenye swichi kuu na usiitumie hita hadi ikaguliwe. Huenda waya wa ethi haupo au umekatika. Nyumba inapaswa pia kuwa na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampea 30, kwani breka ya kawaida haioni uvujaji mdogo kama huo, ilhali unatosha kumuua mtu aliyelowa.

Mwenye nyumba anaweza kuchunguza dalili, lakini kufungua hita na kupima nyaya ni kazi ya fundi. Nchini Tanzania, mafundi umeme hupewa leseni na EWURA. Kabla hajaanza kazi, mwombe akuonyeshe leseni yake, kisha mweleze breka ilishuka wakati gani.