Imbwa akiharisha, tuchague dawa gani?
Wandugu wa koperative, imbwa anayelinda mbuzi hapa Niemba akiharisha, wengi wanakimbilia antibiotiki. Hiyo inaua hata vijidudu vizuri vya tumboni. Probiotiki ni vijidudu vizuri vyenyewe, tena hai, na joto kali linaviua. Basi pakiti iliyokaa juani sokoni, ao tarehe yake imepita, tuiache, hata bei iwe chini namna gani.

Tusome jina pia. Saccharomyces boulardii ni ndugu ya hamira ya mkate, antibiotiki haiiui. Enterococcus faecium ni bakteria: tuipe mbali na saa ya antibiotiki. Maji safi yasikose.

Lakini mtoto wa imbwa akitapika na kuharisha damu, pengine ni parvovirusi. Msingoje probiotiki, mpelekeni kwa munganga wa mifugo siku ileile.