Kitufe cha Kuwashia Gari: Ya Kweli na ya Kuambiwa

Magari ya kitufe yamejaa barabarani kwetu. Mark X, Crown, Harrier na mengine mengi yaliyotumika Japani yanashuka katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa hayana tundu la ufunguo. Pamoja nayo yamekuja maneno mengi, na maneno hayo yanawagharimu watu pesa: kitufe kizima kinang'olewa, dashibodi inakwaruzwa, na gari bado haliwaki. Akili za kuambiwa, changanya na zako. Tuyapime yale yanayosemwa zaidi.

"Gari lisipowaka, kitufe kimekufa."
SI KWELI, mara nyingi. Kitufe ni kama kengele ya mlangoni: ukibonyeza unaomba, lakini anayefungua yuko ndani. Huyo wa ndani ni kompyuta ya gari. Kabla ya kuruhusu stata izunguke, inataka kuona ufunguo halali upo, gia iko P au N, na breki imekanyagwa. Moja likikosekana, kitufe kizima kitaonekana kibovu.

Kipimo chake hakigharimu hata shilingi. Ondoa mguu kwenye breki, bonyeza mara moja, kisha mara ya pili. Redio ikiwaka na taa za dashibodi zikafuata, kitufe kinafanya kazi. Tatizo litafute kwingine. Sasa kanyaga breki, mtu mwingine akiangalia nyuma ya gari. Taa za breki zisipowaka, kagua fyuzi na swichi iliyo juu ya pedali. Taa za dashibodi zikififia unapojaribu kuwasha, betri imechoka. Kitufe kinastahili kushukiwa pale ambapo betri ni nzima, ufunguo unaonekana, na ukibonyeza hakibadiliki chochote, au kinaitika leo na kesho kinagoma.

"Swichi ya breki ikifa, gari halitawaka mpaka fundi aje."
SI KWELI kwa Toyota nyingi. Hakikisha gia iko P na breki ya mkono imefungwa. Bonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki, redio iwake. Kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa sekunde 15 hivi. Injini itawaka. Njia hii imewekwa kwa dharura tu, maana taa za breki zisizowaka zinamweka hatarini anayekufuata nyuma. Peleka gari likatengenezwe siku hiyohiyo.

"Betri ya ufunguo ikiisha, umekwama."
SI KWELI. Ndani ya ufunguo mna chipu isiyohitaji betri. Kwenye Toyota, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe kwa upande wenye nembo, subiri mlio au taa igeuke kijani, kisha bonyeza. Kinachoisoma chipu hiyo ni koili iliyozunguka kitufe. Kwa hiyo kitufe kikiharibika koili yake, gari linaweza kuwaka vizuri kila siku na kukukatalia siku ile tu betri ya ufunguo imekwisha.

"Kitufe kipya lazima kiprogramiwe."
INATEGEMEA GARI. Kwenye Toyota nyingi namba za siri za funguo zimehifadhiwa katika kisanduku kingine, si ndani ya kitufe. Unachomoa cha zamani, unachomeka kipya cha aina ileile, na kazi imekwisha. Kwenye Mercedes-Benz nyingi za mfumo wa Keyless-Go, kitufe kinachomolewa kwa vidole na nyuma yake pana tundu la ufunguo, kwa hiyo nako ni kuchomoa na kuchomeka tu. Fundi akitaka malipo ya kuprogramu, muulize anaprogramu kifaa gani na kwa nini. Fundi mwaminifu atakuwa na jibu.

"Kukitoa ni kazi ya bisibisi tu."
SI KWELI, na hapa ndipo watu wanapoumia. Katika eneo la chini ya usukani, jirani kabisa na kitufe, magari mengi yana eabegi ya magoti. Mfumo wa eabegi hubaki na umeme kwa muda hata betri ikitolewa. Kwa hiyo zima gari, chukua spana namba 10, fungua ncha hasi ya betri, kisha subiri angalau sekunde 90. Ndivyo Toyota yenyewe inavyoagiza. Kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu, betri hiyo ya volti 12 iko nyuma, si chini ya boneti.

Baada ya hapo tumia kipande cha plastiki ngumu kubandua fremu ya dashibodi, maana bisibisi huacha alama zisizofutika na huvunja klipu. Soketi za njano ni za eabegi: usizichomoe, usizipime. Soketi ya kitufe ina kifungo. Kibonyeze kwanza, kisha vuta soketi yenyewe, kamwe usivute nyaya. Kitufe hushikwa na vijino vya plastiki ambavyo husukumwa kutokea nyuma. Ukishaweka kipya, rudisha betri na ujaribu kabla ya kufunga fremu. Saa na vioo vya umeme huenda vikahitaji kupangwa upya. Hiyo ni kawaida.

"Kitufe chochote cha Toyota kinaingia."
SI KWELI. Vitufe viwili vinaweza kufanana sura na kutofautiana soketi nyuma. Unapokwenda kwa wauza spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, beba kile cha zamani mkononi. Linganisha namba iliyoandikwa nyuma, umbo la soketi na idadi ya pini. Vikitofautiana, usikubali kukatiwa waya ili kilazimishwe.

"Gari la ufunguo likifungwa kitufe, wezi hawaliwezi."
SI KWELI. Mara nyingi fundi hukata nyaya za swichi ya ufunguo, kisha huficha chipu ya ufunguo wako ndani ya dashibodi ili gari liamini kwamba ufunguo upo wakati wote. Na ili usukani usijifunge ukiwa njiani, kufuli lake nalo huachwa wazi. Umelipa pesa kuondoa kinga mbili alizokuwekea mtengenezaji.

"Gari likiwa mwendoni, kitufe hakiwezi kuzima injini."
SI KWELI, na kutolijua hili ni hatari kubwa. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, Lexus ES 350 ya kuazimwa ilishikwa mafuta na zulia la mpira lisilo lake lililobana pedali. Ndani walikuwamo askari wa barabara kuu, ambaye hakuwa kwenye zamu, na watu watatu wa familia yake. Wote walikufa. Gari hilo lilikuwa la kitufe, na likiwa mwendoni lilitaka kitufe kishikiliwe kwa sekunde 3. Kukibonyeza mara moja kama unavyofanya nyumbani hakuzimi kitu.

Pedali ya mafuta ikikwama, kanyaga breki kwa miguu yote miwili na uweke gia N. Ukishindwa, shikilia kitufe kwa sekunde 2 au 3, au kibonyeze mara tatu au zaidi mfululizo. Injini ikizimika, usukani na breki vitakuwa vizito, lakini vitafanya kazi. Soma kitabu cha gari lako, maana hatua hutofautiana kidogo kati ya gari na gari. Kisha mfundishe mkeo, mumeo, mwanao na dereva wako, kwa sababu siku pedali itakapokwama hakuna atakayekuwa na muda wa kukupigia simu.