Mwanachuo na Kazi ya Mauzo (2): Pa Kuanzia

Juma lililopita tulieleza afisa mauzo ni nani na kwa nini maisha yake yote yanazunguka tageti. Leo tuangalie mwanafunzi ambaye bado yuko darasani aanzie wapi.

Mlango wa karibu zaidi hauna bango wala fomu: ni uwinga wa Kariakoo. Mwanafunzi wa Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kampasi ya Dar es Salaam, akivuka Mnazi Mmoja tu amekwisha fika. Hana mtaji wala fremu. Anapiga picha viatu vya duka la mtu, anaviweka WhatsApp, na mteja akiagiza anachukua mzigo na kuuza kwa cha juu. Kiatu cha sh. 25,000 akikiuza 32,000, chake ni 7,000, na humo humo atoe ya bodaboda. Wapo wanaoidharau kazi hii, hasa wazazi waliokwisha lipa ada. Mimi naiheshimu. Winga hujifunza mapema mambo ambayo darasani huandikwa ubaoni tu: mteja anayesema "nitakutafuta" ana maana gani, bei ishuke mpaka wapi, na mtu umkumbushe vipi bila kumchosha. Hujifunza pia uaminifu, kwa kuwa mwenye duka humpa mali kabla ya fedha. Akimzungusha mara moja, habari zimefika mtaa wa pili.

Tatizo la mawinga wengi ni kutoandika. Weka daftari: nani alinunua, nini, lini, na nani alirudi. Kwenye usaili, daftari la miezi sita lina uzito kuliko sentensi ya "nina uwezo wa kufanya kazi kwa presha" ambayo kila mwombaji ameinakili.

Mlango mwingine ni field, yaani mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wengi huomba ofisi yenye kiyoyozi, wakaishia kupanga mafaili. Omba kupanda gari la mauzo la msambazaji wa soda, sabuni au unga. Humo utajua kila duka lina siku yake ya kutembelewa, utaona mzigo unaokaribia kuisha muda unavyosogezwa mbele ya rafu, na utamwona Mangi mwenye duka akikwepa deni la juma lililopita huku akiagiza katoni nyingine. Hapo ndipo mauzo yalipo.

Usajili wa laini za simu ni mwepesi kuuanza, lakini hulipa kwa kichwa na mteja humwoni tena. Bima ni kinyume chake: ngumu kuingia, maana wakala sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ila bima ya gari huhuishwa kila mwaka, na kila ikihuishwa kwako, kamisheni inarudi.

Sasa tahadhari. Yapo matangazo ya "ajira za mauzo" yanayotaka utoe kiingilio, kisha ulete wenzako nao watoe. Hapo hakuna bidhaa inayouzwa. Kinachouzwa ni wewe. Waliopanda fedha zao kwenye upatu wa DECI mpaka ulipofungwa mwaka 2009 wanaijua hesabu hiyo.

Hata kwenye kampuni halali, kabla ya kusaini uliza kamisheni inalipwa lini, na mteja akirudisha mali nani anabeba hasara. Wasipokubali kukujibu kwa maandishi, usisaini.

Itaendelea juma lijalo.