Kasoro, laki na mara: lugha ya hesabu za kichwani

Hesabu za kichwani ni zile zinazokokotolewa bila kalamu, karatasi wala mashine. Mashine yenyewe huitwa kikokotoo, nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi kokotoa. Mfasiri hana budi kulitazama neno hili mara mbili: nchini Tanzania, tangu mjadala wa mafao ya wastaafu wa mwaka 2018, kikokotoo ni pia kanuni ya kukadiria pensheni, na msomaji wa gazeti alionapo huenda asifikirie mashine hata kidogo.

Anayeiacha mashine mfukoni hutegemea maneno, kwa kuwa kichwani tarakimu husikika zaidi kuliko zinavyoonekana. Neno lenye manufaa makubwa kuliko yote ni kasoro. Kila asemaye saa tatu kasorobo amekwisha kutoa robo katika saa nzima bila kujua kwamba amefanya hesabu. Mbinu hiyohiyo hufaa sokoni. Kilo saba za mchele kwa shilingi 2,900 kila kilo ni mzigo mzito kwa anayezidisha tarakimu moja moja. Lakini 2,900 ni elfu tatu kasoro mia, na elfu tatu mara saba ni elfu ishirini na moja, kasoro mia saba, yaani 20,300. Mnunuzi akitoa noti tatu za elfu kumi, chenji yake haihitaji kutoa. Hujaziwa: mia saba kufikia 21,000, kisha elfu tisa kufikia 30,000. Jumla ni 9,700, na muuzaji mwenye nia ya kupunja hukuta mteja amekwisha kuwa na jibu.

Asilimia nazo hukubali kuvunjwavunjwa. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, iliyo kiwango cha kawaida nchini Kenya, ni sehemu ya kumi, na nusu ya sehemu hiyo, na sehemu ya kumi ya hiyohiyo ya kwanza. Kwa shilingi 2,500 hupatikana 250, 125 na 25, jumla 400. Asilimia 18 ya Tanzania hurudi kwenye kasoro: sehemu ya tano ni 500, kasoro sehemu ya kumi yake, ni 450.

Hata hivyo lugha humkwaza mwanafunzi mahali pamoja ambapo walimu hawapatazami vya kutosha. Sita, saba na tisa ni maneno yenye asili ya Kiarabu, kama zilivyo sitini, sabini na tisini, hivyo undugu wao husikika. Tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu, ilhali thelathini, arobaini, hamsini na themanini ni za Kiarabu. Mtoto ajuaye kwamba tatu na tano ni nane hasikii chochote kinachomwambia kwamba thelathini na hamsini ni themanini. Anayefundisha afadhali aseme kwanza makumi matatu na makumi matano ni makumi manane; jibu hujitokeza, kisha jina la kawaida hufuata.

Katika kuzidisha, neno la kati ni mara: sita mara nane ni arobaini na nane. Katika kutoa husemwa kumi kutoa tatu, au kumi toa tatu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maelfu. Elfu mia tatu ni 300,000, lakini mtu akimeza neno moja katika elfu moja mia tatu, msikilizaji hubaki njia panda kati ya kiasi hicho na 1,300. Laki tatu huondoa shaka, na ndiyo sababu wafanyabiashara hulipenda neno hilo, lililotoka Bara Hindi. Vivyo hivyo elfu kumi na tano hueleweka kwa kawaida kuwa 15,000. Anayekusudia 10,005 hutanguliza kumi, akasema kumi elfu na tano. Katika mkataba utofauti huo ni shilingi 4,995, na mfasiri wa mazungumzo asiye na hakika humwomba msemaji arudie, kisha huandika kiasi kwa tarakimu kando ya maneno.