Toharani na Maombi kwa ajili ya Marehemu: Tunatofautiana Wapi na Kanisa Katoliki?

Utangulizi

Katika mazishi yetu ipo desturi inayojulikana na wote. Msemaji wa ukoo husimama mbele ya waombolezaji na kutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Hivyo madeni ya duniani hupata wa kuyabeba. Lakini liko swali jingine ambalo wafiwa huenda nalo nyumbani, na baadaye humletea mchungaji faraghani: Je, Mungu naye bado anamdai marehemu wetu? Na kama anamdai, je, sisi tuliobaki twaweza kumlipia?

Swali hili huwa zito zaidi mahali ambapo Walutheri na Wakatoliki wameoana na kuzikana, kama ilivyo katika koo nyingi za Kilimanjaro. Mjane Mlutheri aweza kuombwa na wakwe zake atoe nia ya Misa kwa ajili ya mumewe Mkatoliki. Mchungaji wake atamwambia nini? Akijibu kwa kubeza, atamjeruhi mfiwa, na pengine atamshuhudia jirani uongo, jambo ambalo Amri ya Nane inatukataza. Kwa hiyo twakusudia kueleza kwanza Kanisa Katoliki linafundisha nini hasa, kisha mafundisho hayo yalikujaje, na mwisho tunatofautiana nalo wapi.

1. Mafundisho yenyewe

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inalieleza jambo hili kwa ufupi katika vifungu 1030 hadi 1032. Wanaokufa katika neema na urafiki wa Mungu, lakini hawajatakasika kikamilifu, wamekwisha kuhakikishiwa wokovu wa milele. Hata hivyo hupitia utakaso baada ya kifo ili wapate utakatifu unaohitajika kuingia katika furaha ya mbinguni. Utakaso huo ndio uitwao toharani.

Hapa yapo makosa mawili ambayo wahubiri wetu huyafanya mara kwa mara. La kwanza ni kusema kwamba toharani ni nafasi ya pili ya kutubu kwa mtu aliyekufa akiwa amemkataa Mungu. Sivyo. Kwa mafundisho ya Kikatoliki, anayekufa katika dhambi ya mauti bila toba hapiti toharani, na kila aliyeko toharani ataingia mbinguni bila shaka. La pili ni kuidhania kuwa jehanamu ndogo. Katekisimu yasema wazi kwamba utakaso huo ni tofauti kabisa na adhabu ya waliolaaniwa.

Lugha yetu yenyewe imechangia kutuchanganya. Tohara kwa asili ni usafi au utakaso, na kiambishi -ni kikiongezwa msikilizaji huwaza mahali, kama asemavyo sokoni au shambani. Lakini Papa Yohane Paulo II alifundisha mwezi Agosti 1999 kwamba toharani si mahali bali ni hali ya kuwako. Tusibishane basi na ramani ambayo wenzetu wenyewe hawaichori.

2. Historia kwa ufupi

Maombi kwa ajili ya marehemu ni ya kale kuliko fundisho la toharani, na Kanisa la Afrika ya Kaskazini ni miongoni mwa mashahidi wake wa kwanza. Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, anamtaja mjane anayeiombea roho ya mumewe na kutoa sadaka katika siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Augustino anasimulia katika Maungamo yake kwamba Monika, mama yake, aliyefariki huko Ostia mwaka 387, hakujali azikwe wapi. Aliomba tu akumbukwe kwenye altare ya Bwana.

Hata hivyo jina toharani, kama neno linalosimama peke yake katika Kilatini, lilienea mwishoni mwa karne ya 12 tu. Mtaguso wa pili wa Lyon mwaka 1274 na ule wa Florence mwaka 1439 ilifundisha juu ya utakaso baada ya kifo wakati Kanisa la Magharibi lilipotafuta umoja na Wagiriki. Mwaka 1476 Papa Sixtus IV alizipanua rehema zipate kutolewa kwa ajili ya roho zilizoko toharani. Huo ndio mlango ambao biashara ya rehema iliingilia, na ambao Luther alisimama mbele yake mwaka 1517.

Mtaguso wa Trento ulijibu mwezi Desemba 1563. Ulithibitisha kwamba toharani ipo, na kwamba roho zilizomo husaidiwa na maombi ya waamini, hasa na sadaka ya altare. Lakini pia uliwaagiza maaskofu wazuie yote yaliyo ya udadisi, ushirikina na faida ya aibu. Ni haki tuyataje yote mawili.

3. Maandiko yanayotumiwa

Andiko kuu ni 2 Wamakabayo 12:38-46. Yuda Makabayo anachanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka ya dhambi kwa ajili ya askari wake waliouawa. Luther alikiweka kitabu hiki kati ya Apokrifa, ambazo twaweza kuzisoma kwa faida bila kujenga juu yake kanuni ya imani. Tena askari wale walikutwa na vitu vya sanamu chini ya mavazi yao. Kosa lao lilikuwa ibada ya sanamu, dhambi ambayo kwa hesabu ya Kikatoliki ni nzito mno kuitwa dhambi nyepesi.

Andiko jingine ni 1 Wakorintho 3:11-15, juu ya moto utakaoijaribu kazi ya kila mtu. Tukilisoma kwa utaratibu, twaona kwamba Paulo anawazungumzia wajenzi wa Kanisa, yaani yeye na Apolo na watendakazi wenzao, na kwamba moto huo ni wa Siku ile ya Bwana. Andiko hili limwogopeshe mhubiri mvivu kabla halijatumiwa juu ya marehemu.

4. Msimamo wa Matengenezo

Luther hakuikana toharani mara moja. Hoja zake 95 za mwaka 1517 bado zinaikubali. Alikuja kuipinga waziwazi mwaka 1530. Lakini hakuwakataza watu kuwaombea wafu wao. Katika ungamo lake la mwaka 1528 alisema kwamba, kwa kuwa Maandiko hayasemi neno juu ya jambo hili, si dhambi kumwomba Mungu faraghani amrehemu marehemu, na ukiisha kufanya hivyo mara moja au mbili, inatosha. Melanchthon naye, katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, anasema kwamba hatukatazi maombi kwa ajili ya wafu. Tunachokataa ni kuwapatia wafu Meza ya Bwana kana kwamba ni kazi inayofaa kwa kutendwa tu. Na katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 Luther anamkumbuka Monika: tamaa yake ilikuwa uchaji wa mtu binafsi, nao hauwezi kuweka kanuni ya imani.

Basi tofauti yetu haiko katika kuwapenda marehemu wala katika kuwataja mbele za Mungu. Iko katika deni. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba dhambi ikiisha kusamehewa, adhabu ya muda yaweza kubaki, na kwamba Misa, sadaka na rehema zaweza kuipunguza au kuiondoa. Hata leo mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu kati ya tarehe 1 na 8 Novemba aweza, kwa masharti yaliyowekwa, kuwapatia rehema kamili. Sisi twakiri kwamba Kristo akisamehe, hakuna salio. Aliyekufa ndani yake amehesabiwa haki kwa ajili yake, wala hukumu ya adhabu haipo (Rum 8:1). Mnyang'anyi msalabani hakuwa na muda wa kulipa chochote, naye aliahidiwa siku ile ile (Lk 23:43).

Hata hivyo umbali umepungua. Katika waraka wake Spe salvi wa mwaka 2007, Papa Benedikto XVI alitaja maoni ya baadhi ya wanateolojia kwamba moto uchomao na kuokoa ni Kristo mwenyewe. Mlutheri hashindwi kukiri kwamba kumwona Bwana kutaondoa kila kilichobaki cha mtu wa kale ndani yetu. Anachokataa ni kukigeuza kuwa hesabu.

Hitimisho

Kwa yule mjane twaweza kusema hivi. Anaweza kukaa na wakwe zake katika Misa yao na kulia pamoja nao. Anaweza kumtaja mumewe mbele za Mungu, kushukuru kwa ajili yake na kumkabidhi. Lakini asitoe fedha kwa kuogopa kwamba umaskini wake unamchelewesha mumewe. Deni hilo lililipwa Kalvari, wala halikuachiwa wajane.

Na sisi wachungaji tujichunguze. Ziko sharika za Kiprotestanti ambako jeneza limengoja huku wazee wakipekua daftari la michango, waone kama marehemu alimaliza ahadi yake. Tukifanya hivyo, tumejenga toharani yetu wenyewe, iliyo kali kuliko ya Trento, nasi hatuna haki ya kumfundisha mtu yeyote juu ya neema. Msemaji wa ukoo na aulize juu ya madeni. Mchungaji akisimama baada yake, kazi yake ni kutangaza kwamba katika Kristo deni limekwisha kufutwa.